Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Musoma: Akitoka Nyumba ya Nafuu, Arudi Wapi?

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Madiwani, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Nakala kwa wenzao wa Bunda na Butiama.

Waheshimiwa,

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, nyavu hushushwa. Mwezi unapopevuka taa hazifui dafu mbele yake. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, tajiri mwenye mitumbwi hufanya hesabu na vijana wake, na watu waliokesha ziwani usiku baada ya usiku hupokea mgao wao kwa mkupuo kisha hukaa siku kadhaa bila kazi. Kuanzia Bukima hadi Busekera, kila mwenye kibanda cha pombe anazisubiri siku hizo kama mkulima anavyosubiri masika.

Barua hii inaanzia mwaloni kwa makusudi. Uraibu unapozungumzwa Tanzania, macho yote huenda pwani: Kinondoni, Tanga, Unguja, na heroini inayovushwa baharini kutoka pwani ya Makran tangu miaka ya 1980. Familia nyingi zimezika vijana wao kwa sababu hiyo, na hakuna anayelipinga hilo. Lakini Suguti si Kinondoni. Katika kata hii yenye vijiji vinne, yaani Chirorwe, Kusenyi, Suguti na Wanyere, mtu aliyeshindwa kujizuia mara nyingi ni mtu wa gongo, wa pombe kali za chupa ndogo, wa bangi, na pengine wa mirungi inayopenyezwa kupitia Sirari. Ana shamba la mihogo lililomea magugu, ana deni dukani, ana mke aliyerudi kwao. Nani anamtibu? Anatibiwa wapi? Na akipata nafuu, anarudi kwa nani? Maswali mawili ya kwanza yana wenyewe, walau kwenye makaratasi ya serikali. La tatu halina mwenyewe, na ndilo linaloombwa Baraza lilichukue.

Kwanza vileo vyenyewe. Serikali imejaribu mara kadhaa kuviondoa kwa amri. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, sheria iliyozaliwa kabla ya madiwani wengi, na bado inapikwa. Viroba vilifutwa Machi 1, 2017. Pakiti za plastiki zikatoweka, wanywaji wakahamia kwenye chupa. Bangi ya Bonde la Mto Mara, huko Tarime, imeshafyekwa na kuchomwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya katika operesheni zaidi ya moja, na Mamlaka hiyohiyo imekuwa ikiitaja bangi kuwa dawa ya kulevya inayotumika zaidi nchini. Upande wa upatikanaji umepewa askari, magari na bajeti. Mtumiaji hajapewa mengi.

Tena anayepika gongo kijijini si jambazi wa kwenye filamu. Mara nyingi ni mama mwenye watoto shuleni, ana pipa, bomba la shaba, beseni la maji ya kupoza na kuni za kununua. Askari wakija wanamwaga pipa. Ada ya muhula haisubiri, basi juma linalofuata pipa linarudi jikoni. Baraza linaloongelea tiba ya walevi bila kumwongelea mama huyu litakuwa limeongelea nusu ya jambo.

Tanzania ina la kujivunia upande wa tiba. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu huko Unguja, Mbeya, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Mtumiaji wa heroini hufika kliniki kila siku, humeza dozi yake mbele ya mhudumu, na arosto, yaani maumivu ya kuikosa dawa, humwachia kwa siku nzima, apate kufanya kazi na kulala usingizi wa kawaida. Ni tiba iliyookoa maisha mengi. Hata hivyo kliniki ya aina hiyo ingefunguliwa kesho mlangoni mwa ofisi ya kata ya Suguti, mtu wa gongo asingepata kitu humo ndani. Methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Kwa pombe haifanyi kazi, kwa bangi haifanyi kazi. Mkoa wa Mara ukisubiri mfumo uliojengwa kwa ajili ya pwani uje uutibu, utasubiri sana.

Pombe ina hatari yake ambayo watu wengi hawaijui. Aliyeinywa kila siku kwa miaka, akiiacha ghafla, anaweza kufa. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka degedege. Kuanzia siku ya pili au ya tatu baadhi ya wagonjwa huona visivyokuwepo: wadudu wanaopanda ukutani, watu wanaowaita mlangoni. Joto la mwili hupanda, fahamu huvurugika, na bila tiba wengine hawaamki tena. Kijijini dalili hizo zina jina tayari: karogwa. Inatafutwa kamba. Mtu aliyehitaji diazepamu, vitamini B1, maji na muuguzi wa kumwangalia usiku anafungwa kwenye nguzo ya nyumba, na ndugu wanaomfunga wanampenda kwa dhati.

Wala kumtibu mtu huyo hakuhitaji bingwa kutoka Dodoma. Diazepamu imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioandikwa mahsusi kwa matabibu na wauguzi wasio mabingwa wa afya ya akili, na sura ya pombe imo. Hospitali ya Halmashauri imejengwa palepale kijijini Suguti. Ombi la kwanza la barua hii ni dogo kiasi cha kutia aibu: vitanda vinne katika hospitali hiyo, viwili vya wanaume na viwili vya wanawake, vitengwe kwa ajili ya kuwaachisha watu pombe kwa usalama, tabibu mmoja na wauguzi wawili wapelekwe kujifunza, na iandikwe wazi kwamba anayeletwa akitetemeka hapelekwi polisi kwanza. Siku tano hadi saba zinatosha kwa wengi wao kuvuka salama.

Lakini juma moja la kitandani huondoa pombe mwilini tu. Kiu inabaki kichwani, na hapo ndipo linapokuja suala la nyumba.

Ukweli usiosemwa sana ni kwamba tiba ya kulazwa ipo huku kwetu Majita tangu zamani, ila haiko hospitalini. Iko kwa mganga, ambako mgonjwa huachwa majuma au miezi na ndugu hulipa kwa mbuzi au kwa fedha. Iko kwenye kambi za maombi. Wasabato waliweka mizizi Majita tangu enzi za Wajerumani, Wamennonite walifika Mara mwaka 1934 kupitia Shirati, na makanisa yote mawili yanafundisha kujiepusha na kileo. Familia inayompeleka kijana wake huko haifanyi ujinga: inampeleka mahali palipo karibu, panapompokea, na panapompa mtu wa kukaa naye. Mapungufu yapo na ni makubwa. Kwa mganga hakuna diazepamu. Kanisani, anayeteleza mara ya pili hutengwa na ushirika siku ileile anayohitaji watu kuliko siku zote. Hata hivyo, mpango wowote utakaowapuuza waganga na wachungaji utawaacha wakiendelea kupokea wagonjwa kimyakimya. Heri waitwe, waoneshwe dalili za hatari, wapewe namba ya simu ya hospitali.

Wazo la mgonjwa kukaa mahali, kulima na kupona pamoja na wengine halikuletwa na miradi ya juzi. Lutindi, katika milima ya Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Shamba na bustani vikawa sehemu ya matibabu yao. Baada ya uhuru, wakati Mwalimu wa Butiama akihimiza vijiji vya ujamaa, madaktari wa akili nao walianzisha vijiji vya marekebisho: Hombolo karibu na Dodoma, Vikuruti pembezoni mwa Dar es Salaam. Mgonjwa aliyetulia alihamia pale, akaweza kuwa na ndugu yake, akalima na kufuga, na watu wa vijiji vya jirani wakashirikiana naye kazi. Havikuwa vijiji vya walevi, na baadaye fedha na uangalizi vilipungua. Lakini walioviasisi waliona jambo ambalo wajenzi wengi wa vituo hulisahau: mtu wa shamba hawezi kufundishwa maisha mapya ndani ya wodi, akiwa amevaa pajama saa nne asubuhi.

Nyumba za leo, zile ambazo serikali inaziita nyumba za upataji nafuu na vijana wanaziita soba, zilipata nguvu Zanzibar. Mwaka 2009 Suleiman Mauly, aliyekuwa ameacha heroini mwenyewe, alianzisha na wenzake nyumba mjini Unguja iliyopewa jina la Detroit, mji wa Marekani walikotoka waliowasaidia. Ng'ambo ya mpaka, Malindi nchini Kenya, mradi wa Omari ulikuwa umeshaanza kazi na watumiaji wa heroini tangu miaka ya 1990. Bara zikafuata Bagamoyo, Kigamboni, Tanga na miji mingine, na Zanzibar serikali yenyewe ikajenga kituo cha tiba na marekebisho ya tabia Kidimni.

Siku ndani ya nyumba hizi inafanana kwa kiasi kikubwa. Kuamka alfajiri, kusali au kutulia, kufagia, jiko kwa zamu. Kikao cha asubuhi, kila mmoja akitaja jina lake na anavyojisikia. Baadaye kushea, yaani mtu kueleza mbele ya wenzake alichofanya na alichofanyiwa, bila kukatizwa. Mtindo huu umetoka kwa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na mwenzake Narcotics Anonymous, kilichoanza California mwaka 1953. Wanachama wa hiki cha pili hupeana vishikio vya funguo vya plastiki kwa rangi: cheupe siku ya kwanza, cha machungwa siku 30, cha kijani siku 60, chekundu siku 90. Wanaovipokea wengi hawana hata mlango wa kufungua, maana walishauza kila kitu. Wanavitunza.

Hizo siku 90 si mapambo. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza matumizi ya dawa za kulevya imekuwa ikisisitiza kwamba matibabu ya uraibu yanayodumu chini ya miezi mitatu hayashiki vizuri. Kwa kijana wa dagaa miezi mitatu ni mbalamwezi tatu anazozipita akiwa ndani ya uzio. Ya nne itamkuta nje, na mgao wake mfukoni.

Ombi la pili, basi, ni nyumba moja kwa ajili ya Musoma Vijijini, Bunda na Butiama kwa pamoja. Kila halmashauri ikijenga yake, zitapatikana nyumba tatu zenye mabango mazuri na jiko lisilo na unga. Iwe ndogo, watu 20 au pungufu. Isiwe mjini Musoma. Isiwe mwaloni. Iwe karibu na hospitali ya Suguti ili anayeanguka degedege afikishwe kwa dakika chache, na iwe na ardhi ya kulima. Wakazi wake wanajua mihogo, alizeti, mbuzi na kuku kabla hata ya kufika; kazi hiyo haihitaji mkufunzi wa kutoka mbali.

Wanaoendesha nyumba hizi mahali pengi ni watu waliopitia uraibu wenyewe. Hilo ni hazina. Mtu aliyewahi kuuza kitanda cha mama yake hadanganywi na mwenzake. Ni hatari vilevile, pale ambapo uzoefu unafanywa kuwa cheti cha kila kitu. Anayesema yeye aliacha kwa kufungiwa chumbani ataona ni haki kumfungia mwingine. Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka vituo vya kuwazuia watumiaji wa dawa za kulevya kwa lazima vifungwe, baada ya miaka ya taarifa za vipigo na kazi za shuruti kutoka nchi mbalimbali. Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina mwongozo wa kusimamia nyumba za upataji nafuu. Usomwe kwenye kikao. Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Ustawi wa Jamii wawe na haki ya kuingia siku yoyote, saa yoyote, bila taarifa, na waongee na wakazi faraghani. Mnyororo mmoja ukikutwa, nyumba ifungwe.

Sasa lile swali la tatu.

Mwaka 1975, huko Silver Spring, Maryland, serikali ya eneo ilifunga nyumba ya mpito ya watu waliokuwa wakiacha pombe. Hawakutawanyika. Waliipanga nyumba ileile wenyewe, wakagawana kodi sawasawa, wakachaguana viongozi kwa kura na kwa muda mfupi, wakaweka sharti moja lisilo na mjadala: anayekunywa anaondoka. Hakuna mganga humo, hakuna meneja. Ndiyo asili ya Oxford House, ambazo leo ziko kwa maelfu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwafuata watu 150 waliokuwa wametoka kwenye matibabu. Kwa bahati nasibu nusu wakapelekwa kuishi katika nyumba hizo na nusu wakarudi kwenye huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miaka miwili, kati ya waliorudi kwenye huduma za kawaida takriban 65 katika kila 100 walikuwa wamerudia ulevi. Katika nyumba zile walikuwa 31. Kipato cha mwezi cha waliokaa katika nyumba hizo kilikuwa mara mbili na zaidi ya wenzao. Wote walikuwa wametibiwa. Walichotofautiana ni watu waliokuwa wakilala nao nyumba moja.

Kuna kipengele kimoja cha habari hiyo ambacho diwani atakielewa haraka. Mwaka 1988 sheria ya Marekani iliagiza majimbo yaweke mfuko wa mzunguko wa kukopesha vikundi vya namna hiyo hadi dola 4,000 za kuanzia nyumba, zirejeshwe ndani ya miaka miwili, kisha ziende kwa kikundi kingine. Halmashauri za Tanzania hazina haja ya kuiga. Zinao mfuko. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya.

Tatizo ni mlango wa kuingilia. Mkopo hutolewa kwa kikundi, na kikundi hudhaminiana. Nani atakubali kuandika jina lake karibu na la kijana aliyetoka soba majuzi? Nyumba inaweza kuwa kikundi chenyewe. Watu watano waliokaa pamoja siku 90, wanaojuana kwa siri zilizo mbaya kuliko zinazojulikana kijijini, wanadhaminiana vizuri kuliko marafiki wa kawaida. Ombi la tatu ni Baraza liagize Idara ya Maendeleo ya Jamii ipokee maombi ya vikundi vinavyotoka kwenye nyumba hiyo, viandikishwe wakiwa bado ndani, na mkopo utoke kwa vitendea kazi, siyo kwa noti. Chanja za kuanikia dagaa. Mashine ya kusaga. Kuku.

Chanja hizo zimetajwa kwa sababu. Mvuvi aliyetoka kwenye tiba asirudishwe moja kwa moja kwenye mtumbwi wa usiku, ambako pombe hubebwa kwa kisingizio cha baridi. Aanze mchana, kuanika, kupima, kufunga magunia. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinamjua kila tajiri na kila kijana wa mwalo wao. Vinaweza kukubaliana na matajiri mambo mawili yasiyogharimu kitu: mgao ulipwe kwa simu badala ya mkononi, na usilipwe wote siku moja ya mbalamwezi. Tajiri atalalamika kidogo. Lakini anajua pia ni vijana wangapi anaowasaka kwenye vilabu giza linaporudi, na ni injini ngapi zimezama mikononi mwa watu waliolewa.

Kurudia ulevi kutatokea, na hapa Baraza lisidanganywe na mtu yeyote anayeahidi nyumba isiyo na wanaorudia. Kilicho muhimu ni kinachofanyika juma lile. Kwa aliyetoka kwenye heroini juma hilo ndilo la kifo, kwa kuwa mwili umeshasahau kipimo cha zamani na mkono bado unakikumbuka. Kwa mnywaji wa gongo ni hatari ya aina nyingine: kiasi alichokihimili zamani kinamwangusha, anaanguka mtaroni, usiku, peke yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kila kijiji akiwa na orodha ya waliorudi, na akiwatembelea mara moja kwa juma kwa miezi sita, atafanya kazi kubwa kuliko semina kumi za mjini.

Wanawake hawajasahauliwa, ila mambo yao hayasemwi kwa sauti. Mpikaji huonja, mwishowe hunywa. Mjane anayeuza usiku hunywa na wateja. Mwanamume mlevi hubebwa nyumbani akiimba na watu wakacheka. Mwanamke mlevi hunyang'anywa watoto. Soba nyingi nchini ni za wanaume, na hata zile chache zinazopokea wanawake mara nyingi hazina nafasi ya mtoto mchanga. Mama hawezi kukaa siku 90 kama hakuna wa kumlelea. Nyumba ya Suguti isipokuwa na upande wa wanawake na chumba cha watoto tangu ramani ya kwanza, havitaongezwa baadaye. Kila aliyewahi kusubiri jengo la serikali liongezwe chumba analijua hilo.

Fedha. Waheshimiwa watauliza, na ni haki yao. Halmashauri hutoza ada za leseni za vileo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1968. Hutoza ushuru wa samaki na dagaa. Kila kilabu kinachofunguliwa kihalali kati ya Mugango na Majita kimelipia karatasi, na karatasi hiyo ni mapato ya ndani. Barua hii inaomba sehemu maalumu ya ada za leseni za vileo itengwe kwa azimio la Baraza, iingie moja kwa moja kwenye vile vitanda vinne na nyumba ile moja, na taarifa yake ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote 68. Bunda na Butiama zikifanya vivyo hivyo, chakula cha wakazi 20 hakitategemea wafadhili. Wahisani wakija, wajenge chumba cha watoto.

Na yule mama wa pipa? Nne kati ya zile asilimia kumi za mikopo ni za wanawake kama yeye. Akikopeshwa mashine ya kukamua alizeti pamoja na wenzake wanne, na akapewa muhula mmoja wa shule wa kupumua kabla ya marejesho kuanza, anaweza kuacha kupika. Pengine hataacha. Lakini hajawahi kupewa nafasi ya kuamua. Amepewa askari tu.

Linabaki suala la kiwanja, ambalo linaweza kuua mpango wote kabla haujaanza. Ardhi ya kijiji hutolewa na watu wa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Likitajwa tu neno nyumba ya walevi na wavuta bangi, atasimama mtu wa kwanza kusema haitajengwa karibu na shule, wa pili kusema haitajengwa karibu na kisima, wa tatu kusema ipelekwe Butiama. Hofu hizo zijibiwe kwa hoja, tena mapema. Kanuni za nyumba zisomwe kwa Kiswahili na kwa Kijita. Wakazi wa mwanzo wawe watu wa kata hiyohiyo, ili anayepinga ajue anampinga mtoto wa nani. Kamati ya nyumba iwe na mjumbe wa serikali ya kijiji, mzazi mmoja, muuguzi, mtu wa BMU na mtu aliyekaa bila kileo walau mwaka mzima.

Ratiba nayo haisubiri. Vijiji huanza kuibua mahitaji yao ya mwaka ujao wa fedha miezi mingi kabla ya Julai, na kisichoingia kwenye mpango wa kijiji ni vigumu kukisukumiza ngazi ya wilaya. Ajenda inayoombwa kwa kikao kijacho cha Baraza ina mistari minne: vitanda vya hospitali ya Suguti, nyumba ya pamoja ya halmashauri tatu, mlango wa mikopo kwa wanaotoka humo, na sehemu ya ada za leseni za vileo. Mstari wa kwanza hauhitaji hata kusubiri bajeti. Unahitaji barua ya Mkurugenzi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na tabibu mmoja kupangiwa safari ya mafunzo kabla ya mbalamwezi ijayo.